Ndoa Iliyokuwa Kwenye Kaseti

Watu wanadhani fundi wa kompyuta hukasirishwa na mashine mbovu. Si kweli. Mashine mbovu haina ubaya. Imekufa, unaiweka pembeni, unakwenda kula. Inayokausha damu ni ile inayofanya kazi asubuhi na kugoma mchana, halafu kesho yake asubuhi inakupokea kana kwamba jana hamkugombana. Nimekutana nayo mara moja tu maishani, katika ofisi ya kanisa moja hapa Tabora, na wiki ile nusura niache kazi nikakaange vitumbua.

Ofisi yenyewe iko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile inayoelekea Ujiji, penye miembe ambayo kila mtu anakwambia ilipandwa na wapagazi waliokuwa wakitupa kokwa. Babu wa babu yangu alikuja na msafara mmojawapo, akaumwa miguu, akaachwa, akaoa. Ndivyo ukoo wetu ulivyokuwa wa hapa. Mimi ni Mwislamu na nyumba yangu iko Cheyo, na hilo halikumsumbua katibu wa kanisa hata kidogo. Kilichomsumbua ni kwamba aliambiwa atafute fundi hodari wa Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, akakuta ni mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi. Aliniuliza kama fundi mwenyewe yupo. Nikamwambia ametoka, lakini mimi nina mikono yake.

Shida ilikuwa hii. Miaka kadhaa nyuma alikuja mgeni mmoja wa kujitolea, akapiga picha kurasa zote za vitabu vya ndoa na ubatizo vya kanisa kwa skana, akazihifadhi kwenye kompyuta, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye hofu nyingi akazinakili pia kwenye kaseti, pamoja na kila kitu kingine cha ofisi kilichokuwamo. Siyo kaseti za muziki. Ni kaseti nene kidogo, za kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta, zinazosomwa na draivu yake maalumu, sanduku zito la rangi ya maziwa yaliyochacha. Mgeni akarudi kwao. Baadaye mchwa wakaingia kabatini wakala vitabu, wakabakiza majalada tu. Kisha diski ya kompyuta nayo ikafa. Zikabaki kaseti tisa na draivu ambayo hakuna aliyejua kuiamrisha.

Hilo peke yake lisingenitoa dukani kwangu. Kilichonitoa ni mama aliyekuwa mhudumu wa ofisi ile, anayefagia, kuchemsha chai na kushika funguo. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anadai shamba na nyumba yao ya Itetemia. Alisema kaka yake hakuwahi kufunga ndoa na mwanamke huyu, kwamba alikuwa amemweka tu ndani, na aliyewekwa ndani akishafiwa anarudi kwao. Cheti cha ndoa mama alikuwa amekiweka chini ya godoro. Mvua ya mwaka juzi ikapenya, karatasi ikawa uji. Alipokwenda kuomba nakala aliambiwa alete namba ya cheti, na namba ya cheti iko kwenye cheti. Baraza la kata lilimpa mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi alete ushahidi. Katibu alinifikia Jumamosi. Kwa hiyo ndani ya kaseti mojawapo kulikuwa na ukurasa mmoja, na juu ya ukurasa huo palikuwa na nyumba, ekari nne za karanga na mihogo, na heshima ya mtu.

Jumatatu saa mbili nilikuwa pale. Mama alinifungulia mlango, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniletea chai na karanga za kukaanga, akasimama mlangoni kuniangalia. Aliuliza kama itafunguka. Nikasema ndiyo kwanza nimekaa, mama. Akasema haya, akaenda kufagia, akarudi baada ya dakika tano kuuliza tena.

Niliweka diski mpya, nikaweka Linux, na kompyuta ikadai haijui draivu yoyote. Hilo halikunishangaza, kadi ya kuiunganisha ilikuwa ya zamani na haikuwa imeamshwa. Nikaiamsha. Draivu ikaonekana. Nikatia kaseti ya kwanza, ikanguruma, ikazunguka, ikanitemea kosa ambalo halina maana yoyote kwa mtu mwenye akili timamu: eti kumbukumbu haitoshi. Kumbukumbu ilikuwapo ya kumwaga. Saa mbili zilinipotea hapo mpaka nilipokumbuka kwamba kaseti hizi huandikwa kwa vipande, na kipande kina ukubwa wake, na ukiisoma kwa ukubwa mwingine inakuletea visingizio. Nikaiambia draivu ikubali ukubwa wowote. Majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye skrini, na nilipiga makofi peke yangu.

Adhuhuri ikaingia. Nikaenda nyumbani, nikaswali, nikala ugali na mlenda, nikarudi saa nane huku ngurumo zikisikika mbali upande wa Sikonge. Nilikaa kwenye kiti nikijiona mtu wa maana. Nikatoa amri. Kompyuta ikasema hakuna draivu.

Sikuamini. Nikatoa amri ile ile mara tatu, kama mtu anayebonyeza swichi umeme ukiwa umekatika. Nikazima nikawasha. Mara ikaiona draivu, mara ikaipoteza, mara ikaiita kwa jina lenye herufi za ajabu, kisha ikajaza skrini nzima kwa malalamiko kwamba inaweka upya njia ya mawasiliano, inaweka upya, inaweka upya. Nikadhani nimekosea katika mipangilio niliyoandika asubuhi. Nikaifuta yote, nikaandika upya, mstari kwa mstari, nikiisoma kwa sauti kama mwanafunzi wa madrasa. Hakuna. Saa kumi na moja mama alikuja kufunga ofisi, akauliza imefunguka? Nilimjibu kwa mkato kiasi kwamba nilipofika njiani niliona aibu.

Jumanne asubuhi nilifika nimejiandaa kwa vita. Nikawasha, na draivu ikaonekana papo hapo, imetulia, haina lawama na mtu. Sikuwa nimegusa kitu. Hapo ndipo hasira ya kweli ilipoanza, kwa sababu kitu kinachopona bila kutibiwa huwezi kukiamini tena. Lakini sikutaka kuuliza maswali nikakichokoza. Nikaendelea na kazi.

Kosa la asubuhi hiyo lilikuwa langu, na ninalisema wazi. Katika Linux draivu ya kaseti ina majina mawili. Ukiiita kwa jina la kwanza, kila ukimaliza kazi inaurudisha mkanda mwanzo. Ukiiita kwa jina la pili, linaloanza na herufi n, inauacha mkanda pale pale ulipofika. Mimi nilitumia la kwanza. Nikawa naiambia iruke mafungu matatu mbele, inaruka, inamaliza, inajirudisha mwanzo kimyakimya, halafu mimi nasoma nikidhani niko fungu la nne. Nilisoma barua za kwaya kuhusu mishono ya sare mara nne. Najua mpaka leo ni nani walitaka kola na nani hawakutaka. Nilipogundua ilikuwa saa sita, na nilijipiga kofi la paja ambalo katibu alilisikia chumba cha pili.

Nikaenda kula. Mvua ikanyesha kidogo na ngurumo zake. Nikarudi. Hakuna draivu.

Sasa nilianza kuwaza mambo ya kijinga. Niliwaza labda ni joto la mchana, nikaleta feni kutoka nyumbani. Niliwaza labda ni umeme kuwa mdogo baada ya saa saba watu wakiwasha majiko, nikapima, umeme ulikuwa sawa. Niliwaza labda ni waya, ule mpana wenye meno mengi unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye draivu, kwa hiyo nikampigia mwenzangu wa Dar anitafutie mwingine. Aliniuliza naupata wapi ujasiri wa kuulizia waya wa aina hiyo zama hizi. Lakini aliupata, kwa mzee mmoja mwenye duka la makorokoro, akaupandisha basi. Wakati wa misafara mzigo kutoka pwani ulikuwa unachukua miezi na watu wakiusubiri kwa subira. Mimi nilisubiri siku moja na nikagombana na wakala wa basi, na mkewe, na mtu aliyekuwa amesimama tu pale.

Jumatano jioni nikaubadilisha. Ili kuubadilisha nilisogeza sanduku la draivu nikachungulia nyuma yake kwa tochi. Kulikuwa na matundu mawili mapana. Moja lilikuwa na waya, jingine lilikuwa tupu. Nililiona lile tupu. Nawaambia kwa sababu nimejilaumu sana baadaye: nililiona kwa macho yangu, nikadhani ni la kuunganishia kifaa kingine, nikapita. Asubuhi zote tatu, mashine ilipokuwa nzima, sikuchungulia nyuma. Nani anachungulia nyuma ya kitu kinachofanya kazi? Waya mpya haukusaidia kitu.

Asubuhi ya Jumatano yenyewe nilikuwa nimepata ushindi nusu. Nilitambua kwamba vitabu vya ndoa viko kwenye kaseti ya sita, mwishoni kabisa. Na kaseti haina njia ya mkato. Si kama kitabu ambacho unakifungua katikati. Lazima upitishe mkanda wote unaotangulia, sare za kwaya, ratiba za ibada, picha za harambee, mpaka ufike unakotaka. Ilihitaji saa mbili na zaidi bila kukatizwa. Nikapanga Alhamisi nianze saa moja kamili, mlango ukifunguliwa tu.

Alhamisi saa moja hapakuwa na umeme.

Sitaeleza asubuhi ile. Nilikaa kwenye kiti, mama akakaa kwenye benchi, katibu akawa anaingia na kutoka akisema utarudi sasa hivi, mpaka nikamwomba asiseme tena. Mama hakuuliza kama itafunguka. Hilo liliniumiza kuliko alipokuwa anauliza. Alinisimulia kwamba shemeji yake alikuwa ameshapima kwa hatua, na ameshawaonyesha watu mahali atakapojenga. Alisimulia akiwa anachambua mchele kwenye ungo, bila kuinua macho, na sauti yake haikubadilika.

Umeme ulirudi saa saba kasorobo. Nilijua baada ya adhuhuri mashine hii huwa hainitaki, lakini sikuwa na siku nyingine. Nikawasha, nikangoja kuaibishwa, na ajabu, draivu ikaonekana. Nikatia kaseti ya sita, nikaiita kwa jina lenye n, nikaiamuru iende mpaka mwisho. Mkanda ukaanza kuvuma. Niliamua siendi nyumbani. Nikaswali pale pale, kwenye chumba kidogo cha stoo ambacho katibu alinifungulia, na nikarudi haraka.

Mkanda ulikuwa bado unakwenda. Wingu lilikuwa limeshatanda na chumba kimeingia giza kama magharibi. Nikaona taa ya betri ya akiba, ile ya kuishikilia kompyuta kidogo umeme ukikatika, inafifia na kuwaka. Plagi yake ilikuwa imelegea ukutani. Nikaingia chini ya meza kwa magoti na tochi mdomoni ili niikaze. Ngurumo ya kwanza ikapiga, si mbali sana. Nikasikia kandambili.

Mama aliingia upesi. Nilimwona kuanzia magotini kwenda chini, na yeye hakuniona. Alijua muda ule huwa nimekwenda kula. Alikwenda ukutani akafunika kioo kidogo kilichotundikwa pale kwa kitambaa. Akachukua sinia la chai linalong'aa akalitia kabatini. Akafunga dirisha. Yote hayo ni mambo ambayo kila mama wa huku huyafanya radi ikianza, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo: vioo vinafunikwa, sufuria mpya zinaingizwa ndani, mwenye nguo nyekundu anaambiwa akabadili, maana radi hufuata kinachong'aa. Kisha akaja kwenye meza. Akapitisha mkono nyuma ya draivu, taratibu, kama mtu anayemfungua mtoto vifungo. Nikasikia kitu kinazungushwa, kinazungushwa, kinachomoka. Mkanda ukakata sauti.

Nilitoka chini ya meza kwa kichwa, nikakigonga, na nikawa nimesimama mbele yake sijui nimesimamaje. Mkononi mwake kulikuwa na kizibo cha chuma, kipana kama kiberiti, kimesuguliwa kikang'aa kama fedha. Alikuwa tayari ameanza kukifunga kwenye pindo la khanga yake.

Nilijua mara moja ni nini. Mawasiliano ya mashine za aina hii hupita kwenye waya mpaka mwisho, na mwisho lazima pawe na kizibo cha kuyameza. Kisipokuwapo yanagonga ukuta yanarudi nyuma, yanakutana na yanayokuja, na kompyuta inasikia kelele tupu. Mara inaiona draivu, mara haioni. Siku nne. Feni, waya, wakala wa basi, mipangilio niliyoifuta na kuiandika upya kwa sauti.

Nilipiga kelele. Sitajificha. Nilimwambia mama wa watu, mwenye umri wa kunizaa, kwamba ameniua, kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananivunjia kazi kila mchana, kwamba kama kesho atanyang'anywa nyumba asimtafute mchawi. Katibu alikuja mlangoni, akaona uso wangu, akarudi alikotoka.

Mama alingoja nimalize. Alikuwa amekishika kile kizibo kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "mle ndani si ndimo ilimo ndoa yangu? Radi ikiipiga nitabaki na nini?"

Nikakaa. Akanieleza pole pole. Yule mgeni wa kujitolea alimwagiza kwamba akisikia radi achomoe, akamwonyesha nyuma ya mashine. Bila shaka alimaanisha waya wa umeme. Lakini mama alipotazama nyuma aliona nyaya nyeusi, zilizofifia, ambazo radi haina haja nazo, na aliona kitu kimoja kinachong'aa. Kwao Sikonge baba yake alikuwa mrina asali, na mwenzake alipigwa na radi porini akiwa amebeba debe jipya la bati begani, wakati wenzake waliobeba asali kwenye vyombo vya magome ya miti hawakuguswa. Mtu aliyekua na habari hiyo haulizi maswali. Kila radi ikinguruma amekuwa akikichomoa, anakifunga kwenye pindo, na asubuhi akifungua ofisi anakirudisha. Miaka yote. Na tangu nilipoanza kazi Jumatatu alizidisha uangalifu, kwa kuwa sasa mle ndani mlikuwa na kesi yake. Alikuwa anakisugua na majivu pia, ili kisishike kutu.

Ikapiga nyingine, karibu zaidi, na dirisha likatetemeka. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo. Hofu ya mama haikuwa ya bure. Fundi yeyote mwenye akili radi ikiwa juu ya paa anazima na kuchomoa kila kitu. Hata mimi nyumbani nachomoa televisheni ngurumo ikiwa bado kwa jirani. Umeme ukiingia kwenye waya, draivu itaungua na kaseti ndani yake, na hakuna nyingine. Tukizima na kungoja, asubuhi tutaanza saa moja, na baraza ni saa tatu, na kazi inataka saa mbili na zaidi, na umeme wa asubuhi tulikuwa tumeshauona. Nilimweleza yote bila kuficha. Nikamwambia vitu ni vyake, aseme yeye.

Alitazama dirisha. Midomo yake ilisogea, nadhani alikuwa anaomba kwa Kinyamwezi. Halafu akapitisha mkono nyuma ya mashine, akakirudisha kizibo mwenyewe, akakikaza kwa kucha.

"Washa," akasema.

Niliwasha. Nilichomoa feni, printa na kila kisichohitajika, nikaacha kompyuta na draivu tu. Mkanda ukaanza upya kutoka mwanzo, maana njia yote tuliyokuwa tumeshaipita ilikuwa imepotea. Tulikaa bega kwa bega. Kila radi ikimulika nilihesabu kimoyomoyo mpaka ngurumo ifike, na hesabu ikawa inapungua: sita, nne, tatu. Sijawahi kuogopa hivyo kwa ajili ya kitu cha plastiki. Mama hakufumba macho hata mara moja. Alikuwa anaangalia kile kijitaa cha kijani cha draivu kana kwamba ni mgonjwa.

Mvua ilikuwa imeanza kupungua kurasa za ndoa zilipoanza kushuka, na umeme ukakatika. Betri ya akiba ikaanza kulia. Ilikuwa betri nzee, sikuiamini kwa zaidi ya dakika chache. Nikamwuliza mwaka, akaniambia mwaka na mwezi na kwamba ilikuwa Jumamosi baada ya mavuno. Nikafungua picha moja, siyo. Ya pili, siyo. Ya tano ikajaa skrini nzima, karatasi ya manjano yenye mwandiko mzuri wa wino wa buluu, na mama akaweka kidole kwenye kioo cha skrini juu ya jina la mumewe. Alikiacha pale.

Niliinakili ile picha kwenye flashi kwanza, mara mbili, ndipo nikasoma. Jina la bwana arusi, jina la bibi arusi, umri, vijiji, namba ya cheti. Chini kabisa, mashahidi wawili na sahihi zao. Jina la kwanza lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. La pili nililijua. Nilikuwa nimelisoma kwenye barua ya wito wa baraza, ambayo mama alinionyesha Jumatatu. Lilikuwa jina la mlalamikaji, shemeji yake.

Nilimgeukia. Nikamwuliza kama alijua.

"Alikuwa msimamizi wa bwana arusi," akasema. "Ndiye aliyeshika pete."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Betri ikalia mara ya mwisho na kila kitu kikazima. Mama akaniomba nisimwambie mtu, hata katibu, kuhusu jina lile la pili. Katika giza lile la mchana nilimwomba radhi kwa maneno niliyomtolea, akasema yamekwisha, akaenda kuangalia kama maji yameingia jikoni.

Ijumaa saa mbili nilichapisha ukurasa ule steshenari, katibu akagonga muhuri wa kanisa bila kusoma mpaka chini, tukaenda Itetemia. Baraza lilikaa kwenye darasa la shule. Walinitaka nieleze karatasi imetoka wapi, na nikaeleza mambo ya kaseti kwa muda mrefu mpaka mjumbe mmoja akauliza kama kuna nyimbo pia. Nikasema hakuna. Shemeji alikuwa amevaa koti zuri na alikaa mguu juu ya mguu. Alisimama akasema kwa adabu kwamba siku hizi mashine inaweza kutengeneza karatasi yoyote unayotaka, na kwamba yeye hajui harusi yoyote. Alisema angependa kuona mtu hata mmoja aliyekuwapo.

Mwenyekiti alimwuliza mama kama ana neno. Mama alisimama, akasema hana la kuongeza, ila anaomba karatasi apewe shemeji yake, kwa kuwa macho yake ni mazuri, awasomee watu.

Mwenyekiti akampa. Akaanza kusoma kwa sauti ya juu, haraka, kama mtu anayetaka yaishe. Tarehe. Bwana arusi, akalitaja jina la kaka yake. Bibi arusi. Namba ya cheti. Shahidi wa kwanza. Halafu akanyamaza, na tukawa tunasikia watoto wa darasa la pili wakiimba hesabu.

Mama alikuwa bado amesimama.

"Endelea, shemeji," akamwambia kwa upole. "Limebaki jina moja."